Wimbo Uliompandisha Orin Mlimani

Filamu ya Keisuke Kinoshita iitwayo Narayama bushikō, iliyotoka mwaka 1958, haianzi kwa mlima wala kwa kijiji. Huanza kwa pazia. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, uso umefunikwa, anasimama mbele ya pazia la milia, anagonga vijiti viwili, na kuwatangazia watazamaji hadithi watakayoonyeshwa: hadithi ya kuwatupa wazee. Pazia hufunguka, shamisen, ala yenye nyuzi tatu, ikalia, na sauti ya manju asiyeonekana ikaanza kughani. Tangu hapo hadi karibu na mwisho, manju huyo hanyamazi kwa muda mrefu. Yeye ndiye asemaye yaliyomo nyoyoni mwa wahusika, na aghalabu huyasema kabla wenyewe hawajafumbua vinywa.

Filamu hii imesifiwa kuwa ni filamu ya njaa, ya uzee, na ya mapenzi ya mama. Ni yote hayo. Lakini jina lake lenyewe limebeba jambo jingine ambalo mpenzi wa mashairi hana budi kulitazama. Nara ni mwaloni, yama ni mlima. Bushi ni wimbo au mahadhi. Na ile kō ya mwisho ni tafakuri, uchunguzi wa jambo. Wafasiri wa Kiingereza waliita "utendi" wa Narayama, wakaiacha silabi ya mwisho njiani. Kwa Kiswahili jina lingekuwa "Tafakuri juu ya Nyimbo za Mlima wa Mialoni". Basi kinachochunguzwa ni nyimbo. Uzee na njaa ni vitu ambavyo nyimbo hizo zimevishika mkononi.

Mwenye hadithi ni Shichirō Fukazawa, aliyezaliwa mwaka 1914 katika mkoa wa Yamanashi. Kabla hajajulikana kwa kalamu alikuwa mpiga gitaa wa majukwaani. Mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 42, aliipeleka hadithi hii kwenye mashindano ya waandishi wapya ya jarida la Chūō Kōron, ikapata tuzo. Miongoni mwa waamuzi alikuwamo Yukio Mishima. Ni kazi ya mtu wa muziki, na inaonekana kuwa ni ya mtu wa muziki. Kijiji anachokisimulia hakina mahakama wala msahafu wa sheria. Kina nyimbo, na kila jambo ambalo mwanakijiji hapaswi kulisahau limetiwa ndani ya wimbo mfupi ambao watoto huuimba wakicheza.

Kijiji hicho ni maskini kiasi cha kuwa mchele mweupe hupewa jina la heshima, kama mtu mkubwa, na huliwa siku ya sikukuu ya mlima tu au hupikiwa mgonjwa aliye mahututi. Chakula cha kila siku ni nafaka duni na viazi. Kila nyumba inajua ina vinywa vingapi na ghala lina kiasi gani, na hesabu hizo mbili hazikubaliani. Kwa hiyo imewekwa desturi: anayefika miaka sabini hubebwa mgongoni na mwanawe hadi Narayama, akaachwa huko. Husemwa kuwa mungu wa mlima anamngoja.

Orin ana miaka sitini na tisa. Ni mjane, mwenye afya, mchapakazi, na ndiye peke yake ajuaye mahali penye samaki mtoni. Mwanawe Tatsuhei amefiwa na mke. Orin ana mambo matatu ya kuyamaliza kabla hajaondoka: kumpatia mwanawe mke mwingine, kumwonyesha mke huyo siri ya samaki, na kuandaa pombe na chakula cha kuwakirimu wazee wa kijiji usiku wa kuagana. Mkeka atakaokalia mlimani ameshausuka. Hakuna bibi harusi aliyejiandaa kwa uangalifu kuliko Orin.

Ila ana aibu moja. Meno yake ni mazima. Mjukuu wake, Kesakichi, kijana mwenye sauti nzuri na ulimi mbaya, ametunga wimbo kuwa bibi yake ana meno thelathini na matatu ya zimwi. Watoto wameupokea, watu wazima wameucheka, na sasa unaimbwa njia nzima. Maana yake kila mtu anaifahamu: mzee mwenye meno ni mzee alaye, na mzee alaye katika kijiji chenye njaa ni mwizi.

Msomaji wa pwani hahitaji kufunzwa nguvu ya wimbo wa namna hiyo. Anajua jinsi ubeti unavyoweza kumwendea mtu bila ya kumtaja jina, ukamkuta sokoni, kisimani na arusini. Anajua pia kuwa mtu aliyetukanwa kwa maneno matupu huweza kujibu kwa maneno, lakini aliyeimbwa hana pa kushika, kwa sababu wimbo hauna mwenyewe. Kila auimbaye husema ameusikia kwa mwenzake. Kijiji cha Fukazawa kimeigeuza hali hiyo kuwa serikali.

Orin anajibu wimbo kwa mwili wake. Anayapigiza meno yake ya mbele kwenye jiwe mpaka yanavunjika. Katika hadithi ya Fukazawa, anatoka na damu kinywani kwenda penye sikukuu ili watu waone kuwa sasa amekuwa mzee wa haki. Anatarajia kupongezwa. Watoto wanapiga kelele na kukimbia, na tangu siku hiyo wimbo wa zimwi unazidi nguvu. Hapo ndipo pana ujuzi mkubwa wa mwandishi: aliyekatwa na wimbo hauzimi kwa kuutii. Kila anachoutolea huwa ni ubeti mpya.

Wimbo wa pili unamfuata. Mwanamke wa Kesakichi, Matsu, ana mimba, na katika kijiji hicho mtu anayeishi hadi kumwona kitukuu huimbwa kuwa ukoo wake unazaana kama panya. Orin anahesabu miezi. Kwa desturi ya kale ya Japani, watu wote huongeza umri mwaka mpya unapoingia, naye atatimiza sabini siku hiyo. Mtoto atakuja baadaye kidogo. Basi anaamua asingoje, na kuondoka siku chache kabla mwaka haujaisha. Watu watasema amekwenda kwa hiari, nao watakuwa wamesema kweli. Lakini ni hiari gani ambayo nyimbo mbili zimekaa pembeni mwake zikiisukuma?

Swali hilo ndilo moyo wa kazi yote, na Fukazawa hakuliacha bila ya kipimo. Ameweka jirani, mzee Mata, aliyetimiza sabini na hataki kwenda. Mata anapenda kuishi. Anakuja nyumbani kwa Orin na kula kama mtu aliyenyimwa chakula kwao, kwa kuwa kweli amenyimwa. Orin humpa chakula, na pia humpa nasaha: mzee asikubali kukata uzi baina yake na mwanawe. Siku ile ile Orin anapopandishwa mlimani, Mata naye anapelekwa na mwanawe, amefungwa kamba kama mzigo, na kusukumwa bondeni, na kutoka bondeni kunguru wanainuka kama moshi. Aliyeridhia amekaa juu ya mkeka wake. Asiyeridhia yumo shimoni. Mlima umewapokea wote wawili, na ghala la kijiji limepunguza vinywa viwili. Desturi ambayo mwisho wake ni mmoja kwa anayekubali na anayekataa haikuomba ridhaa ya mtu. Iliomba tabasamu lake tu.

Waongozaji wawili wakubwa waliitia hadithi hii katika filamu, na kila mmoja alishika upande wake. Kinoshita alimpa nafasi ya Orin mwigizaji Kinuyo Tanaka, ambaye wakati huo alikuwa hajafika hata miaka hamsini. Alijenga karibu filamu nzima ndani ya studio, kwa mtindo wa Kabuki: milima iliyopakwa rangi, mbingu zinazogeuka nyekundu au kijani moyo wa mhusika unapogeuka, mandhari yanayoanguka mbele ya macho ya mtazamaji ili kufichua mandhari mengine. Wapo waliolalamika kuwa huo ni urembo juu ya jambo baya. Lakini urembo huo ndio hoja. Kinoshita anaonyesha jinsi jambo baya linavyovishwa mpaka likapendeza, na manju wake anayeghani kwa sauti tamu ni kijiji chenyewe kinachoghani.

Shōhei Imamura, katika filamu yake ya mwaka 1983 iliyopata Mtende wa Dhahabu huko Cannes, aliiondoa studio na kwenda milimani hasa, akaonyesha misimu, matope, nyoka, na wanyama wanaopandana karibu na watu wanaofanya vivyo hivyo. Orin wake ni Sumiko Sakamoto, mwimbaji, ambaye kwa ajili ya nafasi hiyo aliyatoa mhanga meno yake ya mbele. Ken Ogata, aliyekuwa mwanawe katika filamu, alizidiwa naye umri kwa chini ya mwaka mmoja. Imamura hakutaka Orin awe malaika. Ukoo mmoja kijijini umekamatwa kwa kuiba chakula, na wanaume wameamua kuuzika hai usiku, wakubwa kwa wadogo. Matsu, mwenye mimba, ni binti wa ukoo huo. Orin anajua. Jioni hiyo anampa viazi awapelekee wazazi wake, na kumwambia alale huko. Mkono uliojitoa ndio mkono uliomtoa mwingine. Mtazamaji aliyekwisha kumpenda mama huyu anaachwa na mapenzi yake yasiyojua pa kukaa, na hiyo ni adabu kubwa aliyotupa Imamura: mtu aliyekubali kujihesabu kama kinywa hukubali pia kuwahesabu wenzake.

Hata hivyo, waongozaji wote wawili hukutana katika safari ya kupanda. Hapo maneno hupungua. Sheria za safari zimeshatajwa usiku wa kuagana: ukifika mlimani usiseme, uondoke nyumbani pasipo kuonwa, ukirudi usitazame nyuma. Tatsuhei amembeba mama yake juu ya ubao uliofungwa mgongoni. Kiswahili kina neno ambalo hapa humjia mtu bila ya kuitwa, nalo ni mbeleko. Wanawake wa Japani nao waliwafunga watoto wao mgongoni kama wanawake wa pwani wafanyavyo, na bila shaka Orin alimfunga Tatsuhei hivyo hivyo, akilima na kuteka maji, bila ya kuuona uso wake, akimjua kwa uzito na kwa pumzi shingoni. Sasa mwana amembeba mama, naye haoni uso wake, anamjua kwa uzito na kwa pumzi. Tofauti ni kuwa mbeleko ya kwanza ilifunguliwa nyumbani.

Juu kumejaa mifupa na kunguru. Orin anatandika mkeka wake, anamgeuza mwanawe kwa mikono yake na kumsukuma ashike njia. Tatsuhei anashuka akilia. Na katikati ya njia theluji inaanza kuanguka.

Theluji si jambo dogo. Anayepandishwa mlimani siku ya theluji husemwa kuwa ana bahati, kwani baridi humchukua upesi, na kunguru hawamtangulii. Tatsuhei anasahau sheria. Anageuka, anapanda tena, anakwenda hadi alipo mama yake aliyekaa na theluji juu ya nywele zake, na kumwambia kuwa theluji inaanguka. Orin hajibu. Amefunga macho, midomo inasali. Anainua mkono na kuupunga: nenda.

Wengi wamelia hapo, na wengi wameandika kuwa hapo upendo uliishinda sheria. Ni kweli kwamba Tatsuhei ameivunja sheria ya kunyamaza na sheria ya kutotazama nyuma. Lakini mtu azingatie maneno aliyokwenda kuyasema. Kwamba theluji ni bahati, nani aliyemfundisha? Ni wimbo. Upo wimbo kijijini juu ya mwanamke wa zamani mwenye bahati, aliyeangukiwa na theluji siku ya kupanda. Mwana huyu amevunja sheria zote za mlima ili ampelekee mama yake faraja, na alipotia mkono moyoni kuitafuta hakukuta ila ubeti wa kijiji. Hakuweza kusema, "Turudi." Neno hilo halikuwamo katika wimbo wowote aliowahi kuusikia.

Na anapofika nyumbani, katika hadithi ya Fukazawa, anakuta mshipi wa mama yake uko kiunoni mwa Matsu, na koti lake la pamba liko mabegani mwa Kesakichi, naye Kesakichi anasema kuwa bibi ana bahati, theluji imeanguka. Hakuna aliyefanya ubaya. Nguo zina joto, na nyumba ni ya baridi. Wimbo umefunga hesabu.

Yafaa kukumbuka kuwa Fukazawa hakuitunga habari hii kutoka hewani. Katika mkoa wa Nagano upo mlima ambao jina lake la zamani ni Obasute, yaani kumtupa shangazi, na masimulizi yake yana umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Wataalamu wa mila za Wajapani hawakupata ushahidi kuwa kuwatupa wazee kulipata kuwa desturi yenye sheria. Njaa zilikuwapo, na zilikuwa kali: ile ya miaka ya 1780 na ile ya miaka ya 1830 zimeandikwa kwa huzuni katika historia ya nchi. Yumkini katika njaa hizo watu walifanya mambo ambayo baadaye waliona ni nafuu kuyasimulia kama ngano.

Ngano ya kale kabisa iliyoandikwa imo katika Yamato monogatari, kitabu cha karne ya 10, na mtu aliyekwisha kuiona filamu akiisoma hushtuka. Mwanamume aliyelelewa na shangazi yake baada ya wazazi wake kufa anashinikizwa na mkewe amwondoe yule mzee. Siku ya mbalamwezi anamdanganya kuwa anampeleka kwenye ibada takatifu, anambeba hadi mlimani, anamwacha, anakimbia. Akiwa nyumbani anautazama mwezi ulivyo juu ya mlima ule ule, usingizi unamkataa, na linamtoka shairi fupi la mtu ambaye moyo wake haufarijiki. Kisha anainuka, anarudi mlimani, na kumchukua shangazi yake.

Kwa hiyo katika asili ya mambo, shairi ndilo lililomshusha mzee. Lilitungwa na mtu mmoja, usiku, peke yake, bila ya kumwimbia mtu, na lilikuwa na ukweli mmoja tu, kwamba hakuweza kulala. Shairi hilo limo pia katika Kokinshū, diwani iliyokusanywa kwa amri ya mfalme mwanzoni mwa karne hiyo ya 10, na kwa ajili yake Obasute pakawa mahali pa kutazamia mwezi. Mshairi Matsuo Bashō alifunga safari hadi huko mwaka 1688. Kati ya shairi la mpwa huyo na nyimbo za kijiji cha Orin kuna umbali wote ambao ushairi unaweza kuwa nao. Moja limemwondolea mtu faraja mpaka akatenda haki. Nyingine zimewagawia watu faraja mpaka wasiweze kuitenda.

Kinoshita aliimaliza filamu yake kwa kuzizima rangi zote. Baada ya theluji, ghafla picha inakuwa nyeusi na nyeupe, gari moshi la kisasa linaingia kwenye stesheni, na kibao cha stesheni kinasomeka: Obasute. Stesheni hiyo ipo kweli, na abiria hushuka hapo kutazama mashamba ya mpunga yaliyopangwa ngazi kwa ngazi bondeni. Manju amenyamaza. Mtazamaji wa mwaka 1958 aliambiwa kuwa nyakati zile zimepita, na pia aliulizwa kama kweli zimepita.

Mwaka 2022 mwongozaji Chie Hayakawa alilijibu swali hilo kwa filamu yake Plan 75. Japani ya leo ina chakula, na karibu watu watatu katika kila kumi wamepita umri wa miaka 65. Katika filamu hiyo ya kubuni, serikali inamruhusu kila aliyetimiza miaka 75 kuchagua kufa, na kumpa yen 100,000 azitumie apendavyo. Hakuna kamba wala ubao wa kubebea. Yapo matangazo yenye nyuso zinazotabasamu, na makarani wenye adabu wanaozungumza kwa sauti laini. Nyimbo za Kesakichi zimebadilisha mahadhi tu. Mhusika mkuu, Michi, anayechezwa na Chieko Baishō, amefika miaka 78 na amepoteza kazi ya kusafisha vyumba vya hoteli. Anajiandikisha kwa kuwa amechoka kubisha milango isiyofunguliwa. Naye mwishowe, siku yenyewe ikiwa imefika, anainuka kitandani, anatoka nje, na kusimama mahali pa juu akilitazama jua. Anaimba. Ni wimbo wa zamani wa mapenzi, ambao aliwahi kuuimba mbele ya wazee wenziwe siku walipokuwa wakijifurahisha. Haumsifu wala haumkemei mtu. Sauti yake ni ndogo, na meno yake yote yamo kinywani.